Amplifaya ya Shemeji Ador

Olongapo, 8 Machi 1987

Mdogo wangu Nila,

Anakusalimu kaka yako Santing, ambaye bado anapumua, bado ana meno kumi na tisa, na bado anaitwa fundi na watu wasiomfahamu vizuri. Wifi yako Puring anakupa pole ya baridi. Amekufungia samaki wakavu; binti wa jirani anayekuja Milano mwezi ujao atakuletea. Ukiwakaanga fungua madirisha, huyo Senyora, bibi kizee unayemlea, asije akaita zimamoto. Nguruwe wetu amezaa tisa. Mmoja ana uso wa padri wetu kabisa, ila Puring amenikataza kuliandika hilo, kwa hiyo hujalisoma.

Mwanao Jovita hajambo. Amekonda kidogo, lakini masomo yake ya uuguzi anaendelea nayo. Kile kipande cha kitambaa cheusi hakimtoki kifuani tangu tumzike baba yake Oktoba. Sisi sote tunavyo vyetu, tumevibana kwa pini, mpaka mwaka utimie.

Sasa ombi lako. Unataka niitengeneze ile amplifaya ya Shemeji Ador, ili Jovita aipigie gitaa siku ya kuvua msiba, tarehe kumi na nane Oktoba. Nimekusikia. Ipo hapa kwenye kibanda changu, nimeifunika shuka tangu siku ile moyo wa Ador uliposimama jukwaani, katikati ya wimbo. Unaikumbuka: lile sanduku la kijivu aliloachiwa na baharia wa Texas, akalipa jina la Senyora kwa sababu lilikuwa zito na lilipenda kulalamika. Wewe una Senyora wako, na mimi nina wangu.

Tatizo ni hili. Zile amplifaya za zamani kabisa, za taa za kioo, zikichoka hufifia polepole kama wazee. Unapata muda wa kuaga. Hii ni ya transista. Transista hufanya kazi miaka ishirini bila kunung'unika, halafu hufa kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, na ikifa huwavuta na wenzake. Zile nne kubwa za nyuma, zinazosukuma spika, zimekufa zote. Hapa mjini hazipo, na Manila hazipo. Nimekuandikia namba zake nyuma ya karatasi hii uone zilivyo ngumu hata kutamka.

Kwa hiyo tungoje, mdogo wangu. Labda mwakani.

Kaka yako,
Santing


Milano, 12 Aprili 1987

Kaka Santing,

Nauchukua mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima, ingawa najua unanuka lehemu. Mimi ni mzima. Samaki wamefika. Nilifungua madirisha yote, na bado mpangaji wa juu alishuka kuuliza nani amekufa. Senyora wangu, yule mwenye miguu, bado ananiita Maria. Ni mwaka wa tatu sasa. Nimechoka kumsahihisha, naitika. Karatasi za kuishi hapa bado sina. Nikitoka sirudi, ndiyo maana mliniwekea picha saba za jeneza kwenye bahasha, na mimi nikamzika mume wangu juu ya meza ya jikoni, picha moja baada ya nyingine.

Kuhusu zile namba zako ngumu kutamka. Sikuzitamka. Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo nilikwenda nazo kwenye maduka ya vifaa vya redio karibu na stesheni. Alhamisi ya kwanza walinicheka. Ya pili walinielekeza kwingine. Ya tatu ilinyesha. Alhamisi ya nne mzee mmoja alivuta droo ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akanihesabia nne mkononi. Nimeziviringisha kwenye soksi na kuzifukia ndani ya kopo la kahawa. Kahawa ni ya Puring. Soksi ni safi.

Sasa huna kisingizio. Wewe ndiye uliyeitengeneza redio ya meli kwa kibanio cha nywele zangu, alasiri moja tu, na kibanio hukunirudishia mpaka leo.

Kaka, siombi mengi. Sikumwosha, sikumvika, sikumwagia udongo. Nataka kanda moja tu: mwanangu akipiga gitaa la baba yake kupitia sanduku la baba yake. Nikiisikia hiyo nitaamini kwamba nami nilikuwepo.

Nila


Olongapo, 30 Mei 1987

Mdogo wangu Nila,

Kopo limefika. Puring ameinywa kahawa yako na sasa hatembei, anakimbia. Transista zako nazo zimefika salama, zimevaa soksi kama watalii. Ahsante. Sikujua kwamba mtu anaweza kutembea Alhamisi nne kwa ajili ya vipande vya chuma visivyozidi kifuniko cha chupa. Ningejua nisingeandika namba.

Mvua imeanza. Bati la kibanda linavuja pale pale ninapoweka kiti, na mimi ni mvivu wa kusogeza kiti. Spika ya Senyora nayo imepata unyevu, nadhani karatasi yake imelegea. Spika ya namna hiyo haikimbizwi.

Jovita anapita kila siku akitoka darasani.

"Mjomba, leo?"

"Leo nina redio ya padri."

"Jana ulikuwa na redio ya padri."

"Padri wetu anaungamisha watu wengi, redio yake inachoka kusikia."

Hakucheka. Zamani alikuwa na kile kicheko cha Ador, cha mtu anayemwaga kokoto. Alikaa kwenye ndoo, akaliangalia shuka.

"Mjomba, unaiogopa?"

"Niogope sanduku?"

"Hujaigusa. Shuka lina vumbi lile lile. Niliandika herufi ya jina langu kwa kidole mwezi wa tatu, bado ipo."

Mtoto huyu atakuwa muuguzi hatari. Wagonjwa hawataweza kumdanganya.

Unakumbuka siku Ador alipoileta? Mwaka themanini na nne, wewe ulikuwa unafunga masanduku yako. Kule ndani ya kambi ya Wamarekani umeme ni volti mia na kumi. Ukivuka daraja kuja upande wetu ni mia mbili na ishirini. Hakuna mpiga muziki wa mji huu ambaye hajaunguza kitu kwa kulisahau daraja, na Ador, kwa haraka yake, aliichomeka ukutani hata kabla hajavua kofia. Pap! Moshi ukanuka kama dagaa walioungua. Zile nne za kwanza zilikwenda pamoja. Nilihangaika wiki mbili. Transista za mwisho lazima zilingane nguvu, la sivyo moja hubeba mzigo wa mwenzake na kuungua, kwa hiyo nilipima kama thelathini hivi mpaka nikapata nne ndugu. Nikaifungua transfoma, nikaziunganisha upya nyaya zake zipokee umeme wetu. Nilijisikia profesa. Niliandika kwa penseli ndani ya kasha: *Imetengenezwa na S. Abrogar. Haina shida tena.* Nilibadilisha kila kitu kilichopaswa

Wale nguruwe tisa sasa ni wanane. Mmoja alilaliwa na mama yake. Si yule wa padri.

Santing


Milano, 5 Julai 1987

Kaka,

Mkono wako kwenye paji langu. Mimi mzima, Senyora mzima, joto kali.

Sikuuliza habari za nguruwe.

Uliandika "kila kitu kilichopaswa", ukaacha bila hata nukta. Mimi nimekujua tangu ukiwa na meno yote. Ukinyamaza katikati ya sentensi kuna kitu umevunja. Ulipovunja sahani ya harusi ya mama ulizungumza habari za kuku wiki nzima.

Agosti ya mwaka jana Ador alipimwa ili aajiriwe kwenye bendi ya meli. Alinitumia nakala ya majibu. Daktari aliandika kuwa moyo wake ni wa kijana wa miaka ishirini. Karatasi hiyo ipo chini ya godoro langu. Miezi tisa nailalia, Kaka, na miezi tisa nangoja uniambie kitu ambacho si moyo.

Jovita ameniandikia kwamba amechoka kukusubiri. Anasema ataichukua aichomeke mwenyewe, labda inaimba tu na wewe ndiye uliyeharibika.

Niandikie.

Nila


Olongapo, 9 Septemba 1987

Nila,

Miezi miwili sikukujibu. Nilianza barua sita. Moja ilikuwa nzuri sana, ilizungumzia kimbunga.

Jumatatu nilipeleka redio ya padri, safari hii kweli. Niliporudi nikamkuta Puring anachambua mchele mlangoni.

"Jovita amekuja na trisikeli ya kukodi. Amelibeba lile sanduku. Anasema umemruhusu."

Nilitoka mbio. Puring anasema hajaniona nikikimbia tangu siku aliponikataa mara ya kwanza, na siku ile nilikimbia kwenda upande mwingine. Nilipoteza ndara moja sokoni. Nilipoingia kwenu nilimkuta Jovita amesimama katikati ya sebule, gitaa la baba yake shingoni, miguu mitupu kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, plagi mkononi. Maikrofoni alikwisha kuisimamisha. Nilimpokonya ile plagi kwa nguvu mpaka nikamchubua kiganja.

"Mjomba! Umepatwa na nini?"

"Usiichomeke."

"Kwa nini?"

"Transista..."

"Transista gani? Mama amekutumia nne!"

Basi nikakaa sakafuni, Nila, kwenye yale maji ya deki, nikamwambia. Sasa nakwambia wewe. Nisamehe kwamba wewe ni wa pili.

Transista hazijafa. Hata moja. Za kwako bado zimo ndani ya kopo.

Ndani ya mashine kama zile kuna kapasita moja, kikopo kidogo kama harage. Wamarekani waliiweka kati ya waya wa umeme na kasha la chuma ili kupunguza muungurumo. Kwa volti zao mia na kumi, ikizidi sana humtekenya mpigaji. Lakini ukiivusha mashine daraja, ukaibadilisha transfoma ipokee mia mbili na ishirini, lile harage linabaki pale pale na sasa limebebeshwa mzigo mara mbili. Kila fundi wa mji huu anajua: kabla hujagusa transfoma, kata harage. Ndilo jambo la kwanza. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu.

Siku ile sikulikata. Ningekuwa nimelewa ningekwambia. Ador alikuwa amekaa kwenye ile ndoo akinitungia wimbo kuhusu tumbo langu, ubeti mmoja kwa kila kilo. Nilicheka mpaka machozi. Nikafunga skrubu nikiwa bado nacheka.

Harage lilivumilia miaka miwili na zaidi. Likapasuka siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Kasha likashika umeme, umeme ukapanda kwenye nyuzi za gitaa, ukafika kwenye vidole vyake. Mvua ilikuwa imepita mchana, jukwaa limelowa. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni kuanza ubeti wa pili.

Mimi ndiye niliyechomoa plagi. Niliona vidole vyake nikajua hapo hapo, kabla hata watu hawajapiga kelele. Cheti kiliandikwa kwamba moyo ulisimama, na kweli ulisimama. Nikalikumbatia neno hilo kama mlevi aliyekumbatia nguzo.

Sanduku nililirudisha kibandani, na jana nikalifungua. Harage lina ufa wa kuweza kuingiza ukucha. Na juu yake, kwa penseli, mwandiko wangu.

Jovita alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kitambaa, akafunga kiganja chake vizuri, kama walivyomfundisha. Akasema, "Nenda nyumbani, Mjomba." Hajapita kibandani tena.

Sijui niandike nini hapa chini.

Santing


Milano, 27 Septemba 1987

Kaka Santing,

Leo sikusalimii. Mkono wako ubaki huko huko.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwa aproni siku tatu. Senyora aliniuliza, "Maria, una nini?" Nikamwambia naitwa Leonila. Akaanza kulia, nikambembeleza, na mimi nikapata mtu wa kulia naye.

Nilitaka kukuandikia maneno ambayo hayafutiki. Ninayo. Nimeyapanga. Lakini kuna jambo langu, na nikiyatuma maneno yale bila jambo hili nitakuwa mwongo kuliko wewe.

Wiki moja kabla ya sikukuu nilimpigia Ador simu pale dukani kwa jirani. Alikuwa anacheka. Akasema, "Nila, Senyora siku hizi ananing'ata. Kila nikiimba ananing'ata midomo, tena akiwa na hasira hutoa cheche." Nikamwambia, "Si Senyora huyo. Ni mimi nakubusu kutoka Milano." Akacheka zaidi. Akasema, "Basi sitamwambia Santing, asije akanikatia mabusu yangu."

Hakukwambia, Kaka. Angekwambia ungeifungua siku hiyo hiyo, nakujua. Hakukwambia kwa sababu ya mzaha wangu.

Hilo ndilo nililolalia, chini ya ile karatasi ya daktari.

Usiniombe msamaha kwa karatasi. Mambo kama haya watu huombana wakiwa wamekaa kiti kwa kiti, na mimi siwezi kuja. Sijui lini nitaweza. Wala sijui siku hiyo nitasema nini.

Itengeneze. Nimemwandikia Jovita na nimemweleza na la kwangu. Atakuja kuichukua. Lakini kabla mwanangu hajasogea, wewe uishike nyuzi, na uweke midomo yako pale alipoiweka Ador. Wewe kwanza.

Nila


Olongapo, 20 Oktoba 1987

Mdogo wangu Nila,

Nakusalimu, kama bado inaruhusiwa. Puring anakusalimu. Kimbunga kimetupita mbali.

Nilikata harage. Nikaondoa ule waya wa zamani wa meno mawili, nikaweka wa matatu, na wa tatu nikauunganisha na kasha. Nyuma ya nyumba yenu nilipigilia ardhini nondo ya shaba ndefu kama mimi, ili umeme ukivuja uzame huko; ila yenyewe haisemi mengi. Halafu nikafanya kama fundi anavyopaswa kufanya na mashine asiyoiamini: nikapitisha umeme wake kwanza kwenye balbu. Ndani kukiwa na ubaya, balbu huwaka kwa ukali na kubaki hivyo. Kukiwa salama, huwaka mara moja, halafu hufifia. Nilikaa mbele yake na mkono kwenye swichi nusu saa nzima, Nila, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, naogopa balbu.

Iliwaka. Ikafifia. Niliwasha na kuzima mara kumi na mbili. Ilififia mara zote.

Maneno yangu ya penseli nimeyafuta. Sikuandika mengine.

Jumapili tulirudi kutoka makaburini karibu saa nane. Padri alisali kwa ufupi, namshukuru. Puring alipika tambi sufuria mbili. Kisha Jovita akapita na sahani, akavua kitambaa chake cheusi akakiweka, na kila mtu akaweka chake, ili viteketezwe. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Alipofika kwangu aliinua uso akanitazama, akakitazama kitambaa changu, halafu akanipita akaenda kwa jirani. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama muuguzi anayempita mgonjwa ambaye zamu yake haijafika. Kwa hiyo changu bado ninacho. Nadhani na wewe bado unacho chako.

Gitaa lilipokuwa tayari nilisogea. Nilivua viatu. Puring alikwisha kumwaga ndoo ya maji pale chini kwa sababu nilimwomba, na wageni wakadhani tumerukwa na akili. Nikashika nyuzi zote sita kwa kiganja, nikaweka midomo kwenye maikrofoni.

"Unamfundisha nani kubusu, mzee?" Puring akaniuliza kwa sauti, na watu wakacheka. Alikuwa analia.

Nilihesabu hadi mia. Nilipogeuka, Jovita alikuwa nyuma yangu, karibu sana.

"Imekuuma, Mjomba?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Akalichukua gitaa. Hilo ndilo neno letu la kwanza tangu siku ile ya deki, na mpaka leo ndilo la mwisho.

Kanda ipo ndani ya kopo la kahawa, pamoja na zile transista zako nne, ambazo hazikuhitajika. Jovita anapiga nyimbo tatu. Mkono wake wa kulia ni Ador mtupu, utamjua. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi mapema mno, kwa hiyo mwanzoni utasikia kimya kirefu na mtu anayepumua karibu sana na maikrofoni. Usidhani kanda ni mbovu, wala usiisogeze mbele. Ni mimi, nahesabu.

Kaka yako,
Santing